Kishikwambi kinaganda kwenye nembo au kinajizima na kujiwasha: pima umeme kabla ya kuflashi

#1 SaketiWazi

Wakuu, kila anayeuliza habari ya tableti isiyowaka vizuri huambiwa aiflashi, yaani aandike mfumo wake upya. Watu wanapoteza picha na kazi zao, halafu tatizo linabaki palepale kwa sababu tangu mwanzo lilikuwa la betri. Naomba uzi huu tuufuate kwa kuangalia mahali mwasho unapokatikia, maana hapo ndipo tunapojua kipi kimekufa.

Mwasho wa Android una vituo. Ukibonyeza kitufe, chipu ya umeme (mafundi wanaiita PMIC) inaamka na kugawa volti kwenye bodi. Prosesa inasoma butiloda (programu ndogo inayoanzisha mfumo) kutoka kwenye chipu ya hifadhi, nayo butiloda inaonyesha nembo ya kwanza, ile tuli. Baada ya hapo kiini cha mfumo kinapakiwa, inakuja nembo ya pili inayocheza, na mwisho skrini ya kufungulia.

Sasa tazama chako kimekwama wapi:

Giza tupu, hakitetemeki, hata alama ya chaji haiji: shida iko kwenye umeme, kitufe au bodi.

Giza, lakini kinatetemeka au kompyuta inakitambua: kimewaka, skrini ndiyo haionyeshi. Mulika tochi kwa pembeni ya kioo kwenye chumba chenye giza. Ukiona picha hafifu, taa ya nyuma ya skrini imekufa. Usiguse mfumo kabisa, data yako ni salama.

Kimebaki kwenye nembo tuli: butiloda, kiini, chipu ya hifadhi, au betri dhaifu.

Nembo inacheza bila mwisho: umeme kwa kawaida ni mzima. Mfumo umeharibika, au hifadhi imejaa hadi Android inakosa nafasi ya kuandika mafaili yake wakati wa kuwaka. Hii ya hifadhi kujaa ni ya kawaida sana kuliko watu wanavyodhani.

Kinafika skrini ya kufungulia kisha kinazima: ama programu moja inaangusha mfumo, ama betri inashindwa kubeba mzigo.

#2 SaketiWazi

Hatua za mwanzo, kwa mpangilio huu, na hakuna hata moja inayofuta kitu.

Toa kadi ya kumbukumbu na laini. Kadi mbovu inaweza kuuchelewesha au kuugandisha mwasho kwa sababu mfumo unajaribu kuisoma. Toa na kava, kwa sababu kava gumu linaweza kubana vitufe. Kitufe cha kuwashia kikizama, tableti inajizima na kujiwasha bila kukoma. Kitufe cha kupunguza sauti kikizama, kila ukiwasha unaishia kwenye skrini ya “Fastboot” (ya kupokea amri za kompyuta) au hali salama (mfumo bila programu ulizoweka mwenyewe). Bonyeza kila kitufe, sikiliza kama kinarudi kwa mlio.

Chaji kwa chaja ya volti 5 ampea 2 na waya mfupi mzuri. Usitumie kompyuta: tundu la USB 2.0 kwa kawaida linatoa miliampea 500 tu, na tableti ya inchi 10 inaweza kutumia zaidi ya hapo ikiwaka. Betri iliyokauka kabisa inaanza kuchajiwa kwa mkondo mdogo sana hadi ifike karibu volti 3, ndipo chaji kamili inaingia. Kwa hiyo skrini ikibaki giza nusu saa ya kwanza, usikate tamaa. Iache saa tatu au nne bila kubonyezabonyeza, kwa sababu kila ukijaribu kuiwasha unanyang'anya kile kidogo kilichoingia.

Kisha lazimisha kuzima. Android nyingi: shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 20 hadi 30. Samsung: kuwashia na kupunguza sauti kwa pamoja, sekunde 10 au zaidi. Amazon Fire: kuwashia peke yake sekunde 40. iPad yenye kitufe cha Home: Home na cha juu pamoja hadi nembo itokee. iPad isiyo na Home: bonyeza na kuachia haraka kitufe cha sauti kilicho karibu na kitufe cha juu, kisha kile cha sauti cha pili, halafu shikilia cha juu hadi iwake upya.

#3 Volti_Tatu

Shukrani mkuu. Naongezea upande wa vipimo, kwa sababu bila kipimo tunabahatisha.

Kile kipimo kidogo cha USB kinachokaa kati ya chaja na waya kinafaa kuwa nacho. Chomeka tableti iliyozimwa, soma ampea:

0.00 muda wote: umeme haufiki. Waya, tundu la chaji au saketi ya chaji. Safisha tundu kwa kijiti cha mti, kamwe usitumie sindano ya chuma.

0.05 hadi 0.15 na haipandi hata baada ya saa moja au mbili: betri imeshuka mno, seli imekufa, au bodi haioni betri.

Ampea 1 au zaidi: chaji inaingia, angalia kwingine.

Inapanda na kushuka kila baada ya sekunde chache: tableti inajaribu kuwaka na kuanguka. Mara nyingi betri.

Ukifungua, pima betri yenyewe kwa mita ya volti. Betri ya seli moja ya lithiamu ikijaa inasoma 4.2, nyingine 4.35 au 4.4 (soma maandishi juu yake). Ikisoma 3.7 hadi 3.8 ni kama nusu. Chini ya 3.3 haina nguvu ya kuwasha kitu. Ikisoma sifuri kwenye nyaya, saketi ndogo ya kinga iliyo juu ya betri imekata.

Lakini kipimo cha betri ikiwa imetulia kinadanganya. Acha pini za mita juu ya betri halafu washa. Betri nzima itashuka kidogo tu, tuseme kutoka 3.9 hadi 3.8. Betri iliyochoka inaporomoka hadi 3.3 au chini pale skrini na prosesa vinapoamka, kwa sababu ukinzani wake wa ndani umekuwa mkubwa. PMIC ikiona hivyo inakata. Mzigo ukiondoka volti zinapanda tena, tableti inajiwasha, na mzunguko unaanza upya. Ukiitazama kwa macho tu utaapa ni mfumo.

#4 kibano

Wakuu, nina swali. Tableti ya inchi 8, inafika nembo tuli, inazima, inarudi. Nikiichomeka kwenye chaja inafika hadi nembo inayocheza ndiyo inazima. Nimeambiwa romu (mafaili ya mfumo) imeharibika. Nifanyeje?

#5 Volti_Tatu

Ndugu kibano, ukichomeka chaja inafika mbali zaidi. Mfumo ulioharibika haujali chaja ipo au haipo, unakwama palepale kila mara. Hiyo ni betri hadi ithibitishwe vinginevyo. Ipime wakati wa kuwasha kama nilivyoeleza hapo juu.

Ukifungua kioo kilichogundishwa, pasha kingo joto la nyuzi 70 hadi 80 kwa dakika chache, ingiza kadi nyembamba ya plastiki, na usiizamishe zaidi ya milimita kadhaa upande wenye mkanda wa skrini. Cha kwanza kuchomoa ni betri, kabla ya mkanda wowote. Mikanda bapa ina kifuniko kidogo kinachoinuliwa kwa ukucha; ukivuta mkanda bila kukiinua unavunja soketi.

Betri ikiwa imevimba, usiichaji tena, usiibane irudi, usiichokonoe kwa bisibisi. Ikiwa imegundishwa, tumia uzi au kadi ya plastiki na spiriti ya asilimia 99 kuilegeza.

Na tafadhali, msiiruke saketi ya kinga kwa kuunganisha nyaya moja kwa moja kwenye seli. Mafundi wengine hufanya hivyo ili “kuiamsha” betri. Seli iliyokaa muda mrefu chini ya volti 2 inaweza kuwa imeota vijiti vya shaba ndani, na ukiichaji kwa nguvu inaweza kushika moto.

#6 RomuSafi

Mimi nashika upande wa mfumo, kwa wale ambao umeme wao umethibitika mzima.

Kabla ya kufuta chochote jaribu mambo mawili. La kwanza ni hali salama: nembo ikitokea, shikilia kitufe cha kupunguza sauti hadi skrini ya kufungulia. Ikiwaka hivyo, mhalifu ni programu uliyoweka mwenyewe. Ondoa za karibuni, punguza mafaili, washa upya. La pili, kama kilikwama baada ya sasisho, kiache kijirudie mara kadhaa. Android za sasa nyingi zina nakala mbili za mfumo, na sasisho likishindwa kuwaka kifaa kinarudi chenyewe kwenye nakala ya zamani.

Vikishindikana, ingia rikavari, menyu ya matengenezo iliyo nje ya mfumo wa kawaida. Zima kabisa, shikilia kuwashia na kuongeza sauti, nembo ikitokea achia cha kuwashia tu. Samsung nyingi za Android 11 na kuendelea hazikubali mpaka uzichomeke kwenye kompyuta kwa waya wa USB, na watu wengi hudhani vitufe vimekufa. Ukiona kile kiroboti kimelala na maneno “No command”, hujakosea: shikilia kuwashia, gusa kuongeza sauti mara moja, menyu itakuja.

“Wipe cache partition” haifuti picha wala programu zako, anza nayo kama ipo. “Repair apps” kwenye Samsung za karibuni nayo ni salama. “Wipe data/factory reset” inafuta kila kitu kilicho kwenye hifadhi ya ndani.

Kuna skrini nyingine inayosema “Can't load Android system. Your data may be corrupt.” Hiyo huja yenyewe mfumo ukianguka mfululizo. Ina “Try again” na “Factory data reset”. Chagua ya kwanza, na zaidi ya mara moja. Wengi hubonyeza ya pili kwa hofu wakati kifaa kingewaka.

Jambo ambalo lazima lisemwe kabla ya kufuta: tangu Android 5.1, ukifuta kupitia rikavari kifaa kitaomba akaunti ya Google iliyokuwemo. Hakikisha mwenye kifaa anajua barua pepe na nenosiri lake kabla hujagusa. iPad nayo ina kufuli la akaunti ya Apple. Ukifuta bila hayo, umekitoa kwenye kuganda ukakiingiza kwenye kufungwa.

#7 mwanabodi

RomuSafi umeeleza vizuri, ila sehemu moja tusiipite haraka. Wengine hufuta data wakijiambia watazirudisha baadaye kwa kung'oa chipu ya hifadhi na kuisoma. Kwa vifaa vya miaka ya karibuni haiwezekani. Android 10 ililazimisha vifaa vipya vifiche mafaili kwa usimbaji, na ufunguo umefungamana na prosesa ya bodi ileile. Chipu peke yake ni takataka tupu. Kama data ina thamani, njia ni kuifanya bodi hiyohiyo iwake: betri nzima, tundu zima, PMIC nzima.

#8 dada_tekno

Naombeni msaada wenu. Kishikwambi cha mtoto kilikuwa kinajizungusha kwenye nembo. Nimefuta data kwa rikavari, kikaandika kimemaliza, kikawaka, na programu zote za zamani zimo! Hata picha ya nyuma ya skrini ni ileile. Baada ya dakika mbili kinazima tena. Nimefuta tena, ni vilevile.

#9 mwanabodi

Dada, chipu ya hifadhi (aina ya eMMC) imefika mwisho wa maisha yake. Hifadhi ya aina hii ina idadi maalumu ya kuandikwa na kufutwa, na akiba yake ya vipande vya ziada ikiisha baadhi ya chipu zinajifunga zisiandikwe tena, zinasomwa tu. Mfumo unaamini umefuta, kumbe hakuna kilichobadilika. Hata ukiflashi, programu ya kompyuta itasema imefanikiwa au itakwama katikati, na kishikwambi kitabaki kama kilivyo.

Faida ni kwamba hizo dakika mbili unaweza kuzitumia. Washa, hamisha picha muhimu kwa waya kidogo kidogo, kuanzia zile usizoweza kuzipata kwingine.

Fundi mwenye kisomeo cha eMMC anaweza kuthibitisha. Chipu za toleo la 5.0 na kuendelea zina rejista ya umri: 0x01 maana yake imetumika hadi asilimia 10, inapanda kwa kumi kumi, na 0x0B maana yake imepita makadirio ya maisha yake. Rejista ya pili inaonyesha akiba: 0x01 kawaida, 0x02 imetumia asilimia 80, 0x03 hali ya hatari. Dawa ni kubadilisha chipu kwa bloa ya hewa moto na kuandika romu upya, na data za zamani haziji. Kwa kishikwambi cha bei ndogo, kwa maoni yangu, kazi hiyo hailipi.

#10 RomuSafi

Tuingie kwenye kuflashi sasa, kwa wale waliofika huko kihalali. Chaji iwe angalau nusu, waya wa asili, tundu la USB la nyuma ya kompyuta bila kigawanyio, draiva zimewekwa kabla.

Samsung: programu ni Odin. Ingia “Download mode” kwa kushikilia vitufe vyote viwili vya sauti huku ukichomeka waya kwenye kompyuta. Za zamani zenye kitufe cha Home hutumia kuwashia, Home na kupunguza sauti. Romu inakuja na mafaili BL (butiloda), AP (mfumo), CP (modemu) na CSC (mipangilio ya nchi na mtandao); zisizo na laini hukosa CP. Hapa kuna kitu cha thamani: faili la HOME_CSC linaacha data zako, CSC ya kawaida inafuta. Jaribu HOME_CSC kwanza kila mara. Usiweke tiki kwenye “Re-Partition”. Ikiandika “SW REV. CHECK FAIL”, umeleta romu ya butiloda ya zamani kuliko iliyomo, nayo haishuki, tafuta yenye namba sawa au ya juu zaidi.

Zenye chipu ya MediaTek: SP Flash Tool na faili la scatter (ramani ya maeneo ya hifadhi). Chagua “Download Only”. Ondoa tiki kwenye preloader (butiloda ya kwanza) kama huna uhakika kamili kwamba romu ni ya kifaa hicho, kwa sababu preloader isiyo yake inakizima kabisa. Msibonyeze “Format All + Download”. Inafuta eneo la NVRAM lenye IMEI na anwani ya Wi-Fi, na kifaa kikiwaka utaona “NVRAM WARNING: Err = 0x10” kwenye orodha ya mitandao. Soma na uhifadhi NVRAM kwa “Readback” kabla ya yote.

Zenye chipu ya Unisoc: faili la .pac na ResearchDownload. Zenye chipu ya Rockchip: RKDevTool.

iPad: chomeka kwenye kompyuta, fanya vilevile vya kulazimisha kuwaka lakini usiachie nembo ikitokea, endelea hadi uone picha ya waya na kompyuta. Kompyuta itauliza “Update” au “Restore”. “Update” inaweka mfumo upya bila kufuta. Kama upakuaji unazidi dakika 15, iPad inatoka yenyewe kwenye hali hiyo. Subiri upakuaji uishe ndipo urudie vitufe. Makosa 9, 4013 na 4014 mara nyingi ni muunganiko: badilisha waya, tundu na kompyuta kabla ya kulaumu bodi.

#11 kibano

Wakuu, nimepima. Imetulia inasoma 3.86. Nikiwasha inashuka 3.12 na kuzima papo hapo. Betri ina nyaya nne, nyekundu mbili na nyeusi mbili, zimechomelewa kwenye bodi. Nyingine niliyoiona ina nyaya tatu. Inafaa?

#12 Volti_Tatu

Kutoka 3.86 hadi 3.12, betri imekwisha. Romu yako haina kosa.

Nyekundu mbili ni chanya zilizounganishwa pamoja ili kubeba mkondo mkubwa, nyeusi mbili vilevile hasi. Yenye nyaya tatu, ule wa tatu kwa kawaida ni wa kipima joto, ambao bodi yako haiutumii. Unaweza kuitumia kama volti iliyoandikwa ni ileile (3.7 kwa 3.7, 3.8 kwa 3.8), unene hauzidi nafasi iliyopo, na nyaya zake ni nene kiasi cha kutosha. Ule wa tatu uufunge kwa utepe wa kuhami, usiukate ukaachwa wazi. Kinyume chake ndicho kigumu: bodi inayotaka kipima joto ukiinyima itakataa kuchaji.

Wakati wa kuchomelea, shughulikia waya mmoja mmoja. Usikate nyekundu na nyeusi kwa mkasi mmoja kwa pamoja, utapiga shoti kwenye seli.

#13 jukwaa_kimya

Mimi yangu ni zile tableti za jina lisilojulikana, chipu Allwinner. Imeflashiwa romu iliyopatikana kwa jina la modeli iliyo nyuma ya kava. Imewaka, lakini tachi imegeuka, ukigusa kushoto inajibu kulia, na Wi-Fi haiwaki.

#14 RomuSafi

Jina la kwenye kava halina maana kwa tableti hizo. Kava moja linaweza kuwa na bodi za aina nyingi. Fungua, soma namba iliyochapishwa juu ya bodi pamoja na toleo lake na tarehe, na ikiwezekana namba iliyo kwenye mkanda wa tachi. Tafuta romu kwa namba hizo. Tachi kugeuka ni kwa sababu faili la mipangilio ndani ya romu linataja chipu ya tachi au vipimo tofauti. Wi-Fi kutowaka ni draiva ya chipu nyingine. Skrini nyeupe au yenye mistari ni chanzo hichohicho.

Ya kuandikia ni PhoenixSuit: chagua faili, zima tableti, shikilia kitufe cha sauti, chomeka USB, kisha bonyeza kuwashia mara kama kumi mfululizo hadi kompyuta iulize kuhusu kufomati. Kama haiitambui, tumia PhoenixCard kuandaa kadi ya kumbukumbu kwa chaguo la “Product”, iweke, washa, mstari wa maendeleo utatokea. Ikimaliza toa kadi kabla ya kuwasha tena, la sivyo itaanza kuflashi upya.

Na kabla ya kuandika romu yoyote mpya, kama iliyomo inawaka hata nusu, jaribu kuitoa nakala. Romu sahihi ya bodi adimu ni ngumu kuipata kuliko bodi yenyewe.

#15 SaketiWazi

Kwa tableti hizohizo za Allwinner zenye tundu la duara la chaji la milimita 2.5: zinataka volti 5. Chaja nyingine ya volti 9 au 12 yenye pini ya kipimo hicho inaweza kuingia bila kulazimishwa, na ikiingia inachoma chipu ya chaji. Jukwaa_kimya, ukifungua kusoma namba ya bodi, tazama na hapo kwenye tundu kama kuna kipande chochote chenye alama ya kuungua, na upime kama volti 5 zinafika upande wa pili wa fyuzi kabla hujaanza kutafuta romu.

#16 jukwaa_kimya

Nimefungua. Tundu liko safi, volti zinafika 4.9. Namba ya bodi nimeipata, na tarehe yake inatofautiana na ya romu niliyoweka. Natafuta sasa yenye toleo lile lile.

#17 RomuSafi

Vizuri. Ukikosa toleo lile lile, chukua la karibu la bodi hiyohiyo, kisha linganisha chipu ya Wi-Fi: kibati kidogo karibu na antena, soma maandishi juu yake. Ikilingana na ya kwenye maelezo ya romu, flashi. Tachi pekee ikibaki imegeuka, faili la mipangilio linarekebishika ndani ya romu bila kutafuta nyingine.